Chumba Chenye Mlango wa Nje

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimepokonywa chumba! Naandika nikiwa uani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa humo ndani hakuna tena mahali pangu.

Mambo yalikwenda hivi. Jana, Sabasaba, mdogo wangu Daniel alimrudisha mkewe Brenda kutoka hospitali na mtoto wa kiume. Nilifurahi. Nilimpakata hata mtoto. Nikasema anafanana na mimi, Daniel akasema Mungu apishe mbali. Leo asubuhi, kabla sijamaliza chai, Mama akatangaza kwamba mzazi hawezi kulala chumba cha nyuma kwa baridi hii ya Julai. Mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Anakunywa mtori wa ndizi, anaota moto, hashiki jembe wala ufagio. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, ndivyo alivyofanyiwa mama yake. Na chumba chenye joto ni kimoja tu. Changu! Ukuta wake mmoja ni ukuta wa jiko. Tena ndicho chumba pekee nyumba nzima chenye mlango wa nje.

Nikauliza mimi nitalala wapi. Mama akasema kwa Babu. Babu ana miaka tisini na moja, usiku anahitaji mtu.

Nikauliza kwa nini Daniel asilale kwa Babu, mimi nikachukua hicho cha nyuma. Mama akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mlima usisogezwe. Daniel ni kitinda mimba, nyumba ni yake, hahamishwi ndani ya nyumba yake.

Hapo ndipo panaponiuma. Kwetu Uchaggani, huku Masama, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa shamba lake, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Sisi wa katikati tunapewa baraka. Kaka Ebenezeri ana shamba la juu, barabarani. Daniel ana nyumba. Mimi nina baraka, na kuanzia leo sina kitanda.

Ningevumilia. Niliporudi kutoka Majengo mjini, baada ya kibanda changu cha kutengeneza simu kufungwa, nilisema narudi kwa muda, na hii ni miaka minne tu. Lakini Jumamosi anakuja Dominika! Ni fundi cherehani, anakaa Soweto, Moshi mjini, na ndiye ninayetaka kumuoa. Anakuja na Shangazi Margareta aliyemlea. Wanasema wanakuja kumwona mtoto. Kila mtu anajua wanakuja kunikagua mimi. Shangazi ameshakataa wachumba wawili: mmoja hakuwa na choo cha ndani, mwingine alikuwa nacho lakini akakisifia mno.

Kwa kurahisisha mambo nilimweleza Dominika kwamba tangu Baba afariki mimi ndiye mwenye nyumba, na kwamba nina chumba changu chenye mlango wa nje. Kuhusu mlango nilisema kweli tupu.

Chumba kitarudi kabla ya Jumamosi. Nimeazimia.


Jumanne, 9 Julai

Sikulala. Babu hulala na kuku, na huamka kabla yao. Akiamka anaimba ubeti mmoja wa tenzi, anafungua redio, anasikiliza matangazo ya vifo kwa makini kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kila akitajwa marehemu, Babu anauliza umri. Ukitajwa themanini anaguna: "Mtoto!" Kisha ananisukuma kwa kiwiko aone kama mimi bado nipo.

Hata hivyo akili yangu hufanya kazi vizuri nikikosa usingizi. Mpango: moshi.

Nilisoma Biolojia mpaka kidato cha nne, mapafu nayajua. Nikamwendea Brenda mlangoni (siruhusiwi kuingia!) nikamweleza kwa upole kwamba jiko la kuni linavujisha moshi kupitia upenyo wa juu ya ukuta, na kwamba mapafu ya kichanga ni mepesi kama karatasi ya sigara. Nikakohoa kidogo kama mfano. Brenda akashtuka. Akasema, "Shemeji, kumbe una moyo!" Akamwita Mama.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kila neno. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria godoro langu lipite mlango upi, ndipo Mama akasema kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyeona tatizo, na mimi ndiye niliyesoma, basi nilitengeneze leo leo.

Nimeshinda juu ya ngazi. Nimeziba upenyo wote kwa saruji. Nimetengeneza bomba la moshi kwa bati kuukuu. Nimepaka ukuta chokaa, kwa sababu Mama alisema maadamu nipo huko juu. Kufika jioni chumba kilikuwa kikavu, kina joto, kinang'aa, hakina hata harufu ya moshi. Miaka yote niliyolala humo hakijawahi kupendeza namna hii. Brenda anasema hata hiyo miezi mitatu ikiisha hatoki.

Daniel alipita chini ya ngazi akaniuliza kama nikimaliza naweza kumtengenezea na banda la ng'ombe. Nilimdondoshea chokaa kidogo. Ajali.


Jumatano, 10 Julai

Nilikosea kuanzia chini. Mambo ya nyumba huamuliwa juu, na juu ni Babu. Neno la Babu halipingwi hata na Mama, ambaye hupinga kila kitu kingine.

Nikaenda kwa jirani kutafuta mbege. Babu alikuwa mzee wa kanisa muda mrefu. Yeye husema mbege si pombe, ni ndizi na ulezi, na ndizi na ulezi vyote viliumbwa na Mungu. Sikubishana na elimu hiyo. Nikamjazia kata. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kichagga: "Aika mbe!" Nikamkumbusha kwamba chumba kile alikijenga yeye mwenyewe kwa mikono yake. Nikamwuliza kama ni haki mjukuu wake, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, atangetange ndani ya nyumba ya ukoo kama mgeni wa mazishi. Babu akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema ametambua. Atanena baada ya chakula.

Nilimwongezea kata nyingine kwa furaha.

Baada ya chakula Babu akagonga fimbo sakafuni. Akasema ana neno. Akasema tangu Bibi aondoke duniani hajapata usingizi kama aliopata siku hizi mbili. Kwamba mtu akizeeka kitanda kinakuwa kikubwa mno. Kwamba mjukuu wake Sifael, yaani mimi, ana mgongo wa moto kama jiko la kuni. Kwa hiyo anatamka mbele ya wote: Sifael atalala kwake siku zote, mpaka Bwana atakapomwita. Hakufafanua amwite nani.

Mama akafuta machozi. Brenda, kutoka chumbani kwangu, akaitikia amina. Daniel akaitikia mara mbili.


Alhamisi, 11 Julai

Sikubali. Kama chumba hakiwezi kurudishwa kwa mwenyewe, aliyemo anaweza kuondolewa. Sijui kwa nini sikuliona hili mapema. Wasichana wengi huenda kulelewa uzazi kwa mama zao!

Mama yake Brenda anakaa Marangu, upande wa pili wa mlima. Nikampigia simu. Nikamwamkia kwa adabu zote. Nikamweleza kwamba mwanawe halalamiki, si mtu wa kulalamika, ila jana nilimwona anakoroga mtori huku anapumua kwa nguvu, nikahisi pengine ameikumbuka mikono ya mama yake. Nikaongeza kwamba ndizi za huku kwetu si mbaya, lakini si za Marangu. (Hilo la ndizi liliniuma kulisema. Vita ni vita.)

Mama Brenda akasema kwamba ameelewa kila kitu, asante baba, kesho asubuhi yuko hapa.

Mchana nimepima kwa hatua mahali nitakapoweka kiti cha Shangazi Margareta. Kitatazamana na mlango.


Ijumaa, 12 Julai

Amekuja. Kwa gari la kukodi, na mikungu miwili ya ndizi, dumu la maziwa ya mgando, mbuzi mnene, na begi kubwa. Nikalitazama lile begi. Mtu anayekuja kumchukua mwanawe huja na begi tupu. Hili lilikuwa limevimba. Blanketi lilichungulia kwenye zipu.

Hakuja kumchukua Brenda. Amekuja kukaa!

Alikagua chumba, akagusa ukuta, akatazama bomba langu la moshi. Akasema kumtoa mzazi kwenye chumba kizuri namna hii na kumpitisha barabarani kwenye baridi ni kumwua. Heri yeye abaki mpaka arobaini ipite, au hiyo miezi mitatu, ataona. Mama alicheka kwa midomo bila macho. Akampa chumba cha nyuma.

Daniel nje! Mwenye nyumba kahamishwa ndani ya nyumba yake! Nilicheka mpaka nikashika mgomba. Kisha nikamsikia akiuliza atalala wapi, na Mama akimjibu.

Sasa tuko watatu kitanda kimoja. Babu ukutani, Daniel katikati, mimi ukingoni, mguu mmoja sakafuni kama nguzo. Babu amefurahi sana. Anasema ni kama zamani, wakati wa ndugu zake.

Jambo moja jema: mbuzi. Mama Brenda alitaka achinjwe Jumanne, apumzike kwanza na safari. Nikasimama. Nikauliza kama mzazi akose supu mpaka Jumanne kwa kumhurumia mbuzi. Tena kesho tuna wageni kutoka mjini. Achinjwe kesho! Wote wakakubali. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimesema jambo nyumba hii likapita bila kupingwa. Napiga picha kichwani: Shangazi Margareta anafika, moto unawaka, mimi nimevaa koti la Baba, mbuzi mzima chini. Mtu aliyechinjiwa mbuzi hana nguvu ya kuuliza maswali.


Jumamosi, 13 Julai

Nimetulia. Naandika kwa mkono uliotulia.

Walifika kabla ya saa sita. Dominika alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe; sitasema zaidi. Shangazi Margareta ni mdogo wa umbo, amevaa kofia ya sufu, na macho yake hayapepesi. Babu akawauliza kanisa. Shangazi akasema wao ni Wakatoliki wa Kibosho. Babu akasema hata huko kuna watu.

Nilikuwa nimemshauri Brenda amwoteshe mtoto jua, kwa hiyo chumba kilikuwa wazi. Nikawapeleka wageni mpaka mlango wa nje. Nikaufungua kama mtu anayefungua mlango wake. Shangazi akaingia, akagusa ukuta, akanusa. Akauliza nani alitengeneza bomba la moshi. Mimi! Nani alipaka chokaa? Mimi! Kisha akaona nepi kwenye kamba, khanga za mzazi, sufuria ya mtori. Nikaeleza kwamba mimi kama mwenye nyumba nilishindwa kulala kwenye joto huku mtoto wa mdogo wangu anatetemeka. Nimewaazima.

Shangazi akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama kitambaa chenye kasoro. Akamgeukia Dominika: "Huyu ana utu." Dominika akatabasamu, lakini alitazama sakafu.

Hapo ndipo ningewapa soda wakaondoka.

Kwetu mbuzi akichinjwa, nyama haigawiwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na anayetaja wenyewe ni Babu. Jambo hili nimeliona tangu nilipojifunza kutembea. Sijui lilikuwa wapi kichwani mwangu Ijumaa. Daniel akashika kisu. Babu kwenye kiti chake, fimbo mkononi. Wageni mbele kabisa, kwenye viti nilivyowapangia mimi mwenyewe ili waone vizuri.

Kidari, cha Babu. Maini, damu ya kupikia mlaso na mifupa ya supu, vya mzazi. Mgongo wa Mama Brenda, aliyemleta mbuzi. Bega la Mama. Mguu wa nyuma wa Ebenezeri, mtoto wa kwanza; yuko Arusha, ana habari gani na mbuzi huyu, lakini mguu wake ukafungwa kwenye jani la mgomba ukangojee basi. Mguu mwingine wa wageni. Mbavu za Daniel, mrithi wa nyumba. Shingo ya jirani aliyekuja kushika miguu tu! Na kila Daniel alipokata alinitazama kwa jicho la pembeni, shetani yule.

Jani likabaki tupu. Shangazi Margareta alikuwa amelifuatilia kila fungu kama msimamizi wa uchaguzi. Akauliza kwa sauti tamu kabisa, "Na mwenye nyumba je, wazee wangu? Fungu lake mbona silioni?"

Babu akainua kidari. "Si hili hapa? Nikiondoka mimi, ni huyu." Akamwonyesha Daniel kwa fimbo.

"Na huyu wa koti?"

"Sifael? Huyu analala kwangu. Atapata kwenye supu."

Jirani mwenye shingo akaanza kucheka, na Mama Brenda akamfuata, na baada ya hapo sikuhesabu. Nikasema kwamba hizo ni mila za zamani, watu wa leo tunatazama mambo kwa mapana. Shangazi akasimama, akakung'uta sketi. Akasema, "Baba, na mimi ni Mchagga. Gazeti silisomi vizuri siku hizi, ila nyama naisoma."

Nikawasindikiza mpaka barabarani, nikiwa nimewabebea mguu wao. Shangazi akatangulia. Dominika akabaki nyuma. Alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema wao Soweto wanalala wanne chumba kimoja cha kupanga, yeye na Shangazi kitandani, binamu zake wawili chini. Hakupanda Masama kutafuta chumba. Alitaka kuona kama mimi nikiulizwa swali dogo naweza kulijibu. Akasema alikuwa ameshaamua kunikubali, na hilo ndilo linalomkera zaidi.

Kisha akanipa masharti. Kesho baada ya ibada nimpigie Shangazi mwenyewe. Nimwambie ninalala wapi, ninalala na nani, na nyumba ni ya nani. Nikiyasema hayo, atakuja tena. Nisipoyasema, nisimtafute. "Sentensi tatu tu, Sifael. Mtoto wa Brenda ataziweza akianza kuongea."

Jioni nimekunywa supu. Ilikuwa nzuri, jambo lililoniongezea hasira.


Jumapili, 14 Julai

Nimezikariri kanisani ibada nzima. Ninalala chumba cha Babu. Ninalala na Babu na Daniel. Nyumba si yangu. Ni sentensi nzuri, fupi, hazina kasoro yoyote. Nilizisema hata wakati wa sadaka. Mzee wa kanisa akadhani nasali, akanipa mkono.

Mtandao unapatikana nyuma ya banda la ng'ombe. Nikapiga. Shikamoo Shangazi. Marahaba. Akanisubiri. Nilisikia mtu mwingine anapumua karibu na simu, nikajua ni Dominika. Nikafungua mdomo. Nikaanza vizuri kabisa: "Shangazi, kuhusu hapo ninapolala..."

Kilichofuata kilinishangaza hata mimi. Kilitoka chenyewe, tena kwa sauti ya mamlaka. Kwamba mambo ya nyama ni heshima tu tunayompa mzee. Kwamba kwa sasa nimejibana kwa hiari yangu ili kuwasitiri ndugu. Kwamba nimeshatoa agizo, na mwisho wa mwezi kila mtu atakuwa amerudi kwake, na chumba kitakuwa wazi.

Upande wa pili kitu kilianguka. Nadhani ni mkasi.

Shangazi akasema vizuri sana, baba. Kama chumba kitakuwa wazi mwisho wa mwezi, basi atakuja yeye mwenyewe akae wiki mbili. Vumbi la Soweto limemkaa kifuani, na jiko lile lisilo na moshi amelipenda. Atakuja na mto wake. Akinikuta peke yangu, tutazungumza habari za Dominika. Akiwakuta hao ndugu, atazungumza na hao ndugu.

Anakuja kukaa kwangu! Nani huenda kukaa wiki mbili kwa mtu aliyemkataa?

Dominika amenitumia ujumbe. Neno moja tu: "Sifael." Nimelisoma kwa sauti mbalimbali. Naamini ni la kunitia moyo.

Kilichobaki ni kukisafisha chumba. Baada ya chakula nilienda kwa jirani wa shingo, ambaye ana godoro la zamani ghalani analolalamikia kila siku. Nimepata kunguni wanne, wenye afya. Wakionekana kesho kwenye ukuta ule mweupe, karibu na mtoto, Mama mwenyewe atawatoa wote kabla chai haijachemka, na mimi nitajitolea kubaki humo kupambana nao. Nimewatia kwenye kiberiti, na kiberiti nimekiweka chini ya mto wangu, mahali salama.

Daniel amekuja kulala mchana huu na ameuvuta mto wangu, kwa dharau tu. Ameanza kujikuna. Anajifanya.

Babu naye ameanza. Wameambizana.